Msiba wa Mzee Maganga na Kupotea kwa Mama Loreta

Tangu nirudi, mlango wangu hapa Ilala haujapata kufungwa. Kila apitaye anaingia, anavuta kigoda, anasema, "Haya Tatu, tuambie ya huko bara." Nikifika katikati anaingia mwingine, naambiwa nianze upya. Nimechoka. Basi nimeandika, mjisomee wenyewe, na asiyejua kusoma aende darasa la watu wazima, si limefunguliwa pale nyuma ya soko? Atakayeniuliza tena baada ya hapa aje na kilo ya sukari mkononi.

Kwanza niwatoe hofu. Tumerudi wote wawili, wazima, hatujapungukiwa hata ukucha. Yale yaliyosemwa bombani, kwamba Mama Loreta alikamatwa kwa ujasusi na mimi nikamkimbia, ni uzushi mtupu. Ila nakiri kuna siku moja ambayo hata mimi niliamini kwamba amekamatwa, na siku hiyo sitaki inijie tena hata ndotoni.

Kwa wasiomjua, Mama Loreta ni Mmarekani mweusi, mama wa makamo aliyeanza kuuelekea uzee, mrefu kama mlingoti, anayefundisha nami kwenye shule yetu ya wasichana. Alikuja baada ya Azimio la Arusha, kama wengi wao walivyokuja, akitaka kuona nchi ya watu weusi inajengwaje. Kiswahili anakijua, lakini anakisema polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayepanga mayai kwenye kapu.

Babu yake alikuwa mpishi wa wachunga ng'ombe. Msicheke. Mmewaona wachunga ng'ombe wa Kimarekani kwenye sinema, wale wenye kofia pana na bastola kiunoni, wote weupe. Yeye anasema sinema zimewaacha watu. Kule kwao watumwa walipoachiwa huru, vijana wengi weusi walikwenda kuswaga ng'ombe kutoka kusini hadi kaskazini kwenye reli, miezi na miezi njiani. Babu yake alikuwa akitangulia na gari la nyumbu lililobeba chakula, anapika maharage, anaoka mikate. Chachu ya mkate aliiweka chunguni, na usiku wa baridi kali alilala amekikumbatia chungu ili chachu isife. Kabla ya kulala aligeuza mti wa kukokotea gari lake ukaelekea nyota ya kaskazini, ili asubuhi hata mawingu yakifunika mbingu wajue pa kwenda. Uzeeni akawa anasimulia hayo, sinema nazo zikaingia, na mtaa mzima ukamcheka. "Mweusi gani alikuwa mchunga ng'ombe? Mbona hatumwoni?" Mzee akafunga mdomo mpaka akafa.

Siku moja katika chumba cha walimu nikamtajia baba yake shoga yangu Kabula, Mzee Maganga wa Tabora, ambaye ujanani alibeba mizigo ya misafara kwa miguu hadi Bagamoyo, kabla reli haijafika kwao. Mama Loreta akaweka kikombe chini.

"Nataka kumwuliza swali moja," akasema. "Aliporudi nyumbani na kusimulia, nani alimwamini?"

Kwa swali hilo moja tukapanda gari moshi. Mwalimu mkuu alinivuta pembeni akaniambia, "Mwalimu Tatu, huyu ni mgeni wa nchi. Umrudishe kama ulivyomchukua." Nikasema hewala.

Ndani ya gari moshi

Tulikaa chumba kimoja na mama wa Dodoma aliyekuwa na kuku wawili ndani ya kikapu na maoni juu ya kila kitu. Jioni akaingia mtumishi wa behewa kututandikia vitanda. Mama Loreta akasimama, akampa mkono, akamwuliza jina lake. Yule bwana akatutazama kama tuliomshuku wizi.

"Athumani," akajibu. "Kuna kosa gani, mama?"

"Hakuna kosa. Nataka kukuita kwa jina lako."

Alipotoka akatueleza. Kwao Amerika, watandika vitanda wa magari moshi walikuwa weusi watupu, na abiria waliwaita wote jina moja, jina la tajiri mwenye mabehewa, kana kwamba hakuna mama aliyempa hata mmoja wao jina. Lakini ndio hao waliokuwa wakificha magazeti ya watu weusi chini ya mashuka na kuyashusha mji kwa mji, na baadaye wakaunda chama chao cha wafanyakazi, matajiri wakashindwa nao. "Watoto wangu wa darasani Amerika hawawajui," akasema. "Wanawajua marais tu." Mama wa Dodoma akasema marais ndivyo walivyo, wanajaza kurasa. Athumani naye, nadhani alisikiliza mlangoni, maana tangu hapo chai yetu ilikuja imejaa mpaka ukingoni na maandazi ambayo hatukuagiza.

Usiku ule tulibishana. Yeye aliamini wabeba mizigo wa misafara walikuwa watumwa wote. Nikamwambia watumwa walikuwapo, walipita njia hiyohiyo wamefungwa shingo, Mungu atuepushie. Lakini Mnyamwezi mbeba mizigo alikwenda kwa hiari na kwa ujira, na kijana ambaye hajafika pwani hata msichana wa kumwoa alimpata kwa shida. Walikuwa na kiongozi wao wa msafara, nyimbo zao, na majivuno ambayo mpaka leo hayajawatoka. "Kama babu," akasema Mama Loreta. "Kama babu kabisa."

Saranda kila mtu hushuka kununua kuku. Ninyi mnajua: gari likisimama, sahani za kuku wa kukaanga zinapita madirishani kama maandamano. Mama Loreta hakutaka kununulia dirishani. Alishuka, akaenda kumwuliza mwuzaji kuku huyu amewekwa viungo gani, na kwa nini vitunguu vimetangulia, mpaka filimbi ikapigwa. Nilimvuta mkono yeye, yeye akamvuta kuku, Athumani akatuvuta sote watatu tukaingia. Kuku alikuwa mtamu kweli.

Itigi

Itigi tulikwama. Tuliambiwa gari la mizigo limeacha njia huko mbele. Mwanzoni watu walikaa mabehewani wakinung'unika. Jua lilipopanda wakashuka, wakaokota kuni, mafiga yakaota kando ya reli. Mama wa Dodoma alimchinja kuku wake mmoja kwa hasira. Mama Loreta akatoa maharage kutoka kwenye mfuko wake. Mwanamke gani anasafiri na maharage mabichi? Lakini aliyapika na kipande cha nyama kavu alichokipata kijijini, na vitunguu na pilipili, taratibu, mpaka watu wa mabehewa mengine wakaja na sahani zao.

Tulilala pale. Sikujali, safari ya reli ndivyo ilivyo. Sikujua kwamba usiku ule tuliolala Itigi ndio tuliokuwa tunauhitaji.

Tabora

Kabula hakuwapo stesheni. Nikasema labda amechoka kutungoja. Tukachukua mizigo yetu tukaenda kwa miguu mpaka mtaa wa Chemchem, na tulipokata kona ya nyumbani kwao nikasikia kilio. Nyumba ilijaa watu, wanaume nje kwenye viti, wanawake uani kwenye mikeka. Mzee Maganga alikuwa amefariki alfajiri ya siku hiyo. Gari lingefika kwa saa yake tungemkuta anakunywa uji.

Mama Loreta alisimama getini kama aliyepigwa. Nami nilisikitika, wallahi, nilimpenda yule mzee. Lakini ninyi mnajua mimi ni nani na wao ni nani. Sisi Wazaramo na wao Wanyamwezi ni watani, na utani wetu ulizaliwa njiani, enzi zilezile za misafara: walifika pwani wamechoka, tukawauguza, tukawazika, nao wakatufanyia hivyo hivyo kwao. Mtani wako akifiwa, kazi yako ni kwenda kumtukana marehemu mpaka wafiwa wapate kupumua, na anayetukanwa hana ruhusa ya kukasirika. Mzaramo afike kwenye msiba wa Mnyamwezi akae kimya analia? Wangesema hakumpenda.

Nikajifunga kanga kiunoni, nikaingia uani na kelele.

"Yuko wapi Mnyamwezi huyo? Kasikia Mzaramo anakuja, kajifanya kafa ili asitupe ugali! Mwamsheni! Mchoyo mkubwa!"

Nikanyakua fimbo yake, nikavaa kofia yake, nikatembea uani nimepinda mgongo kama aliyebeba pembe ya ndovu, nikikohoa kikohozi chake. Jeneza lilipotaka kutoka nikajilaza mlangoni: halipiti mpaka niletewe jogoo. Wanawake waliokuwa wakilia tangu alfajiri wakaangua kicheko. Kabula alicheka huku machozi yakimchuruzika, akasema, "Toka hapo, Mzaramo mla papa, baba atakukanyaga." Jogoo akaletwa. Nikainuka najipangusa vumbi, nimefurahi kwamba nimetimiza wajibu wangu.

Ndipo nikamwona Mama Loreta. Bado yuko getini, begi mkononi, uso umemsawijika.

"Mzee huyu alikuwa mtu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Umemfanya kichekesho mbele ya mtoto wake."

Nilitaka kumweleza, lakini jeneza linatoka, wanawake wananiita jikoni, masufuria ya ubwabwa hayana mpishi. Nikajiambia nitamweleza jioni. Jioni alikuwa amejifungia katika chumba alichopewa, hakujibu nilipogonga. Na mimi, niseme kweli, nilikasirika kidogo. Haikunijia akilini kwamba duniani kuna watu wasio na watani. Ni kitu cha kueleza hicho? Unamweleza mtu kwamba maji yanalowesha?

Asubuhi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa vizuri na yeye hayupo. Jirani alimwona akipanda lori la pamba lililokuwa likipeleka habari za msiba kwa Bibi Nyamizi, dada wa marehemu, anayekaa kijiji cha ujamaa upande wa Nzega na asiyeweza kuja kwa sababu ya mguu. Mama Loreta alikuwa amesikia jana kwamba huyo bibi ndiye ajuaye hadithi zote za kaka yake.

Peke yake, mgeni, kwenye lori, Kiswahili chake cha kupanga mayai, na siku hizi kila kijiji kina mgambo wanaotafuta majasusi kwa bidii kuliko wanavyopalilia pamba. Lakini lililoniuma zaidi halikuwa hilo, wala maneno ya mwalimu mkuu. Lililoniuma ni kwamba ameondoka akiamini mimi ni mtu mbaya.

Njia ya Nzega

Aliyeniokoa ni Bwana Rajabali, mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Ni Mhindi wa Tabora, baba yake alizaliwa hapo, na Kinyamwezi anakisema vizuri kuliko mimi Kizaramo. Alikuwa akipeleka magunia ya chumvi ya Uvinza na doti za kanga huko Nzega kwa pikapu yake, gari lililoonekana kushikiliwa na rangi peke yake.

"Panda, mwalimu," akasema. "Lakini gari likikwama unasukuma. Kwangu hakuna mabwana."

Njiani alinipa chapati na achari ya ndimu, akanihadithia ndoa za watoto wake wote. Mimi nilikuwa natazama mbele tu. Tulipopita Puge tukaingia kwenye mbuga ya udongo mweusi, mvua ilikuwa imenyesha, na pikapu ikazama mpaka tumbo. Rajabali alizima injini, akafungua mlango, akatazama gurudumu kwa masikitiko ya mtu anayemtazama jamaa yake mlevi.

Wakulima wakatoka shambani, wanaume kwa wanawake, wakarimu kabisa, wakiwa na majembe na matawi ya kutia chini ya magurudumu. Nilishukuru Mungu. Tumekaribia kutoka, ndipo Rajabali, kwa ubaya wake, akawaambia kwa Kinyamwezi kwamba abiria wake ni Mzaramo.

Wakaacha. Wakatupa matawi, wakaketi ukingoni mwa njia, mmoja akatoa ugoro.

"Mzaramo asukume mwenyewe!" akasema mama mmoja mnene. "Siku ngapi tumewabeba hawa mgongoni? Leo na wabebe wao!"

"Jamani, ndugu zangu, nina haraka," nikasema. "Nina mgonjwa." Sikuwa na mgonjwa, lakini ningeanzia wapi?

"Mzaramo na haraka wapi na wapi? Cheza ngoma tuone."

Mngeniona! Moyo unawaka, Mama Loreta sijui yuko wapi, na siruhusiwi kukunja hata kipaji cha uso, maana mtani akikasirika amejivunjia heshima yake na ya kabila zima. Nikavua viatu. Nikacheza mdundiko katikati ya tope lililonifika magotini, peke yangu, bila ngoma, Rajabali akinipigia honi kwa mahadhi. Nikawatukana ukoo mzima wa Unyamwezi nikikata kiuno. Walicheka mpaka yule mama mnene akaegemea gunia la chumvi. Kisha wakasimama, wakasukuma mara moja, gari likatoka.

Tulipokuwa tunapanda, mzee mmoja akaniuliza ninakwenda kumwona mgonjwa gani. Nikasema namtafuta mama mmoja mrefu, mgeni.

"Aa, yule!" akasema. "Yuko kijijini pale mbele. Mgambo wamemweka ofisini tangu asubuhi. Anasema eti ni Mmarekani, na ni mweusi kama mimi."

Sikumbuki tulivyofika. Nakumbuka Rajabali aliacha kuzungumza, na mtu huyo haachi kuzungumza hata akila.

Kijijini

Nje ya ofisi ya kijiji alikuwapo mgambo na bunduki ya mti. Nikamwuliza yuko wapi mgeni. Akaniambia nimwone mwenyekiti. Mwenyekiti, Ndugu Mihayo, kijana wa shati jeupe, alinikaribisha kitini, akataka kujua habari za Tabora, habari za pwani, habari za bei ya pamba, na mimi najibu salama, salama, salama.

"Ndugu mwenyekiti," nikasema mwishowe, "mmemfanyaje?"

"Nani? Yule mama? Tulimweka, ndiyo," akasema, bila haya. "Wanawake walimwamkia kwa Kinyamwezi akawatazama tu. Wakasema anajidai. Akasema yeye Mmarekani. Sasa dada, gari la sinema lilikuja hapa, Wamarekani tumewaona. Wachunga ng'ombe. Hakuna mweusi hata mmoja. Tukasema huyu anatudanganya, ametumwa."

"Kisha?"

"Kisha akakasirika. Akasimama pale pale ulipokaa, akasema sinema ndiyo inayodanganya. Akatueleza babu yake. Wazee wa ng'ombe wakaja kusikiliza, na unajua wazee wetu, hawaamini mtu mpaka wamjaribu. Wakamwuliza, ng'ombe wakishtuka usiku, radi ikipiga, babu yako na wenzake walifanyaje? Akasema waliwaimbia. Walizunguka kundi polepole wakiimba ili ng'ombe wasikie sauti ya mtu wanayemjua." Ndugu Mihayo akatikisa kichwa. "Wazee wakatazamana. Nasi tunawaimbia. Hilo kwenye sinema halimo. Tukamwomba radhi, tukampa maziwa mgando. Yuko kwa Bibi Nyamizi tangu adhuhuri."

Nilianza kucheka, kisha nikajikuta ninalia, kisha nikacheka tena. Mwenyekiti alimwita mgambo aniletee maji.

Nyumba ya Bibi Nyamizi ilikuwa ya tatu kwenye mstari, mpya, udongo wa kuta haujakauka vizuri. Alikuwa amekaa mlangoni na mguu wake uliovimba juu ya kigoda, bibi mdogo kama ndege, na pembeni yake, chini mkekani, Mama Loreta anabangua karanga. Hana viatu.

"Mwadila, mayo. Shikamoo, mama," nikamwamkia bibi kwa Kinyamwezi na Kiswahili.

"Marahaba. Ndiye huyu Mzaramo?" akamwuliza Mama Loreta.

"Ndiye," akajibu Mama Loreta. Hakuniinulia macho.

"Nimesikia umemtukana kaka yangu mbele ya jeneza."

"Nimemtukana, bibi."

"Ulimwita mchoyo?"

"Nilimwita."

"Ukavaa kofia yake?"

"Nikaivaa."

"Vizuri," akasema bibi. "Mimi mguu umenizuia, nilikuwa naogopa amezikwa kimya kama mbwa wa jirani." Akamgeukia mwenziwe. "Unasikia? Kutwa nakwambia. Asiye na mtani ndiye anayezikwa kimya. Huyu hakumcheka Maganga. Alimsindikiza."

Hapo Mama Loreta akaniinulia macho, macho mekundu. "Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Sikujua kwamba hujui," nikasema. "Naapa, sikujua." Nikakaa chini karibu naye, nikachukua karanga. Kisha akanisogezea ungo, nami nikajua yameisha.

Tulikula matobolwa na karanga, vile viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa tena, vikawa vitamu kama vimetiwa asali. Mama Loreta akamwuliza bibi swali lake, lile lililotutoa Dar es Salaam.

"Nani alimwamini?" Bibi Nyamizi akacheka. "Nani amwamini Maganga? Alirudi akasema kuna maji makubwa yasiyo na ng'ambo, na ukiyaonja ni chumvi. Mama akamchapa kwa mwiko! 'Chumvi tunaifuata Uvinza kwa miguu, watu wanafia njiani, wewe unasema kuna mahali imemwagwa majini bure?' Mama aliingia kaburini hajaamini. Waliomjua walimwita Maganga Mwongo mpaka mvi."

"Na wewe, bibi?"

"Mimi ni dada yake. Nilimwamini nusu." Akafikiri. "Bahari sijaiona."

Mama Loreta alikaa na jibu hilo, karanga mkononi, bila kuila. Bibi alimtazama, kisha akasema, "Wewe, Mmarekani. Watani wako ni akina nani?"

"Sina, bibi. Sisi hatujui tulitoka kabila gani. Hakuna aliyetuandikia."

"Mayo! Kabila la nini? Utani unatoka njiani. Babu yako alipika njiani, kaka yangu alibeba njiani. Basi." Akavuta viatu vya Mama Loreta kutoka chini ya mguu wake mgonjwa, maana ndiko alikovificha, akavikumbatia. "Na viatu hivi sivirudishi. Miguu yako mikubwa kama jembe la ng'ombe. Babu yako alipika maharage mabovu, ndiyo maana ng'ombe walikimbia."

Mama Loreta aliitazama miguu yake. Kisha polepole, yai baada ya yai, akasema, "Na wewe bibi, mguu wako umevimba kwa sababu umeujaza uongo wa kaka yako."

Bibi Nyamizi alipiga makofi mpaka majirani wakatoka kutazama.

Kurudi Tabora, kuanua tanga

Asubuhi Rajabali alitupakia sote, Bibi Nyamizi mbele juu ya mto, mimi na Mama Loreta nyuma na magunia matupu. Mbuga ilikuwa imekauka kidogo. Mama Loreta alikuwa na viatu mguuni. Alivikomboa kwa kupika maharage. Njia nzima alikuwa akinong'ona peke yake, nikadhani anasali.

Tulifika Chemchem wakati watu wanakusanyika kuanua tanga. Bibi Nyamizi alibebwa kitini mpaka uani, vilio vikaanza upya, Kabula akamkumbatia shangazi yake, wakashikana hawaachiani. Ni kilio kile kizito cha siku ya mwisho, kinachojua kwamba kesho mikeka inakunjwa na kila mtu anakwenda kwake. Nami nilikuwa nimechoka kupita kiasi. Nikasema, leo Mzaramo hana la kusema.

Mama Loreta akasimama katikati ya ua, na urefu wake ule.

"Maganga mwongo!" akasema.

Watu wakamtazama huyu mgeni, wakanitazama mimi.

"Maganga mwongo!" akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. "Mimi nimeivuka bahari. Nimeyanywa maji yake. Ni matamu! Matamu kama asali ya Tabora! Hakuna chumvi hata kidogo!"

Wa kwanza kujibu alikuwa Kabula. "Mwongo wewe! Ni chumvi!" Kisha wanawake wote wa mikekani: "Ni chumvi! Baba yetu alisema kweli!" Wanaume waliokuwa nje wakachungulia mlangoni kuona kuna nini, nao wakadakia, na Bwana Rajabali mwenyewe, ambaye naye huuza chumvi, akapaza sauti kwamba anashuhudia. Lakini aliyewashinda wote ni Bibi Nyamizi. Alijiinua kwenye kiti kwa mguu wake ule uliovimba, akampungia Mama Loreta ngumi.

"Maji ya pwani ni chumvi!" akapiga kelele, machozi yakimtiririka. "Kaka yangu aliyaonja! Kaka yangu hakusema uongo!"

Wakacheka, wakalia, wakapiga vigelegele, vyote kwa pamoja. Mama Loreta aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akaketi mkekani, hapohapo alipokuwa amesimama, akajifunika uso kwa kanga na kulia kwa sauti, akimwita babu yake kwa jina. Eliya, Eliya. Wanawake wa Chemchem hawakuwahi kulisikia jina hilo. Hakuna aliyeuliza ni nani. Walisogea, wakampa nafasi katikati yao, wakamwitikia.